Kabla Hujauliza Bei, Ulizia Mama

Nimekuwa nikikusanya majibu. Mwambie muuzaji wa watoto wa mbwa hapa Dar kwamba kabla hujatoa hela unataka kumwona mama yao, halafu sikiliza. Mama yuko shamba, Kibaha. Mama ni mkali, dada yangu, atakurarua. Mama ni wa bosi, mimi natumwa tu. Mwenye nyumba hapendi wageni. Mama alifariki akijifungua, ikabidi tuwanyweshe kwa chupa, wote wanane. Mmoja aliniandikia kwamba mama amesafiri. Sikumuuliza ameenda wapi. Na wapo wanaotuma picha: jike la German Shepherd limesimama kwenye theluji hadi magotini, na chini yake maelezo kwamba huyo ndiye mama, yupo Tegeta.

Tunacheka, lakini biashara nzima ya watoto wa mbwa wa bei ya kutupa imesimama juu ya kumficha huyo mama. Mtoto anaogeshwa, anafungwa utepe shingoni, anapigwa picha juu ya zulia la sebuleni. Mama hapigwi picha. Ukimwona mama utajua banda likoje, wanakula nini, amezalishwa mara ngapi, ana ugonjwa gani, na mwenye mbwa ana roho ya namna gani. Ukishayajua hayo, mara nyingi hununui. Muuzaji analijua hilo vizuri kuliko wewe.

Mimi nakaa mapokezi kwenye kliniki moja ya wanyama hapa mjini. Si daktari. Naandika jina la mnyama, napima uzito, napokea malipo, na akitapika sakafuni ni mimi na ndoo yangu. Kwa hiyo haya ninayoyaandika ni ya mtu aliyekaa mlangoni, anayeona nani anaingia na nani anatoka mikono mitupu.

Wanunuzi wetu wengi hawakumtafuta mbwa. Mbwa ndiye aliyewatafuta. Uko kwenye foleni, joto limekuchosha, kijana anakuja dirishani ameshika vijibwa viwili, kimoja kila mkono, vimelegea kwa jua. Mtoto wako kiti cha nyuma anaanza kulia anakitaka. Au uko Instagram usiku, unakutana na tangazo: German Shepherd pyua, miezi miwili, chanjo zote, baba katoka Sauzi, laki nne, maongezi yapo. Kila baba wa mbwa wa Dar katoka Sauzi. Sijawahi kuona tangazo ambalo baba katoka Singida.

Halafu Jumatatu asubuhi wanakuja kwetu.

Anakuja baba mmoja na boksi la maji ya kunywa, kanga imetandikwa ndani, na juu ya kanga kitu kidogo cheusi na kahawia ambacho hakinyanyui kichwa. Binti yake yuko nyuma na sare za shule, kwa sababu amekataa kwenda shule. Naandika jina: Simba. Majina yanajirudia, Simba, Tyson, Bobi, Tomi. Uzito kilo mbili na kidogo. Nikifungua tu ile kanga harufu inajaza chumba, na ukishaijua harufu hiyo huhitaji kipimo: ni damu iliyochanganyika na kuhara, ina utamu fulani wa kuoza unaokaa puani mpaka jioni. Ufizi wa mbwa ukiugusa ni mweupe na umekauka. Baba anasema kile wanachosema wote: "Dada, juzi alikuwa anarukaruka."

Na ni kweli alikuwa anarukaruka. Hapo ndipo ujanja wa biashara hii unapokutana na tabia ya ugonjwa wenyewe. Parvo, kirusi kilichoanza kuua watoto wa mbwa duniani kote mwaka 1978, hakijionyeshi siku kinapoingia. Kinachukua siku tatu hadi saba hivi, wakati mwingine zaidi, ndipo mbwa aanze kukataa chakula na kutapika. Mtoto ameokota kirusi Alhamisi kwenye banda la muuzaji, Jumamosi anauzwa akiwa mchangamfu, Jumatatu yuko kwenye boksi. Muuzaji akipigiwa simu ana jibu lake tayari, na kwa macho yake si uongo: aliondoka kwangu mzima, mmempa nini huko?

Dawa ya kumuua kirusi huyo hatuna. Unamtundikia dripu, unampa dawa ya kuzuia kutapika, unampa antibiotiki ili bakteria wasipenye utumbo uliochubuka, unamweka peke yake na unasubiri. Siku nne, siku tano. Bili inapita bei aliyonunuliwa. Wapo wanaopona, na nakiri kwamba mtoto wa parvo akinyanyuka siku ya nne na kulamba uji wa kuku, kliniki nzima inapata sikukuu. Wengi wa hawa wa barabarani hawafiki siku ya nne. Wameachishwa ziwa mapema, wana minyoo tumbo limejaa kama puto, na mama yao hakuwahi kuchanjwa.

Hapo kwa mama tena. Mtoto wa mbwa anazaliwa karibu hana kinga yake mwenyewe. Kinga anainyonya kwenye dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, saa zile za mwanzo kabisa. Mama asiyechanjwa na asiyeshiba hana kinga ya kutosha ya kumgawia. Na ile kinga ya mama inapokuwepo, inapungua taratibu kwa wiki kadhaa, na ingali ndani inaizuia chanjo kushika. Ndiyo maana chanjo ya mtoto wa mbwa hairushwi mara moja ikaisha. Inaanza wiki ya sita au ya nane, inarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne, mpaka afikishe wiki 16 hivi. Kwa hiyo ukiona tangazo la mbwa wa miezi miwili mwenye "chanjo zote", umeshaambiwa uongo kabla hujapiga simu. Mbwa wa miezi miwili hawezi kuwa na chanjo zote. Hesabu haikubali.

Kadi nazo ni somo. Chanjo halisi inakuja kwenye kichupa chenye stika ndogo, ina jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Daktari anaibandua na kuibandika kwenye kadi, anasaini, anagonga mhuri wenye jina lake. Kadi ninazoletewa mapokezi mara nyingi zina mwandiko wa kalamu ya bluu, tarehe tatu zilizoandikwa kwa wino uleule na mkono uleule bila kupumua, na mhuri usiosomeka. Stika hakuna. Wakati mwingine chanjo ilikuwepo kweli, ila ilinunuliwa duka la dawa za mifugo, ikapakiwa mfukoni kwenye bodaboda mchana wa Februari, ikachomwa na kijana wa bustani. Chanjo hiyo inataka nyuzi joto mbili hadi nane muda wote. Ikishapikwa na jua la Dar unamchoma mbwa maji.

Na nikiwa hapohapo: baba wa Simba akirudi nyumbani na boksi tupu, kitu cha kwanza familia inachotaka ni mbwa mwingine, wa kumfuta machozi binti. Tunawaambia wasubiri. Kirusi cha parvo kinakaa kwenye udongo wa uwani miezi, hata mwaka, na sabuni ya kufulia haikiui. Jiki inakiua, kwenye sakafu ya saruji, ukiwa umeisugua kwanza kinyesi chote kikatoka. Kwenye nyasi na mchanga huna la kufanya ila kusubiri. Wengine hawasubiri, na muuzaji yuleyule anawapunguzia bei kwa sababu ni wateja.

Sasa huyo mama anayefichwa. Usiku mmoja niliongozana na daktari kwenda Mbezi, simu imepigwa kwamba mbwa ameshindwa kuzaa. Nyumba nzuri, geti jeusi, taa za bustani. Nyuma, kati ya tanki la maji na ukuta wa jirani, kulikuwa na mabanda ya nondo na wavu, sakafu ya zege, bati juu. Yule jike alikuwa kwenye banda la mwisho. Kijana wa kazi alimwita "mama" tu, jina lingine hakulijua. Viwiko vyake havikuwa na manyoya, ngozi imekuwa nene na nyeusi kwa kulalia zege. Kucha zimejikunja kwa sababu hazijakutana na ardhi ya kutembea. Meno ya mbele yamesagika mpaka karibu na ufizi. Nondo za mlango wa banda zilikuwa zinang'aa pale zilipotafunwa. Daktari akauliza amezaa mara ngapi. Kijana akahesabu kwa vidole, akasema saba, au huu ndio wa nane.

Mtoto mmoja alikuwa amekwama na alishakufa. Baada ya huyo kutolewa walitoka wengine watano, hai. Mwenye mbwa alikuwa anazungumza na daktari kwa simu kutoka ghorofani, na swali lake la kwanza lilikuwa wangapi wazima. Daktari akamshauri kwamba huyu afungwe kizazi, mji wa mimba umechoka, mimba nyingine atakufa. Jibu lilisikika mpaka nilipokuwa nimeshika tochi: "Dokta, huo ni mtaji."

Mtaji kweli. Jike anapata joto kila baada ya miezi sita au saba, mimba yake inachukua siku 63 hivi, na German Shepherd anaweza kuzaa watoto wanane kwa mpigo. Kwa laki nne kila mmoja, ni milioni tatu na laki mbili. Mara mbili kwa mwaka. Kinachokula faida hiyo ni chakula kizuri, chanjo, dawa ya minyoo, na wiki mbili tatu za mwisho ambapo watoto wanaanza kula kuliko mama yao. Kwa hiyo vinaondolewa kimoja kimoja. Chakula kinakuwa dona na utumbo wa kuku, chanjo inakuwa mhuri, na watoto wanauzwa wakiwa na wiki nne au tano, wakati ule wanapendeza zaidi na hawajaanza kula sana. Baba wa mtoto ni kaka yake? Haijalishi, karatasi hakuna. Mama akinyonyesha mfululizo bila lishe, kalsiamu inashuka, misuli inaanza kutetemeka, anadondoka kwa degedege. Miaka ikienda mji wa mimba unajaa usaha. Wakati huo hakuna simu inayopigwa kwa daktari, maana mtaji umeisha.

Kuna nchi iliyoamua kumfanya huyu mama ndiye kipimo cha sheria. Mwaka 2013, kwenye shamba la kuzalishia mbwa huko Wales, aliokolewa jike wa aina ya Cavalier King Charles Spaniel. Alipewa jina Lucy. Mgongo wake ulikuwa umepinda kwa kukaa kwenye kizimba kisichomtosha, nyonga zimekakamaa, ana kifafa, manyoya yamenyonyoka. Alichukuliwa na mwanamke anayeitwa Lisa Garner, akaishi naye mpaka alipokufa Desemba 2016. Daktari wa mifugo Marc Abraham wa Brighton, ambaye alikuwa anapiga kelele kuhusu mashamba hayo kwa miaka, akaibeba kampeni kwa jina la mbwa huyo. Sheria inayojulikana kwa jina la Lucy ikaanza kutumika England tarehe 6 Aprili 2020: duka au dalali haruhusiwi kuuza mtoto wa mbwa au paka mwenye umri chini ya miezi sita. Unanunua kwa aliyemzalisha, unaenda pale alipozaliwa, au unachukua kwenye kituo cha kuokolea wanyama.

Kanuni za leseni za huko zilikuwa zimeshatangulia, za mwaka 2018, na nazipenda kwa sababu zinazungumza kwa hesabu. Jike asipandishwe kabla ya kutimiza miezi 12. Asizae zaidi ya uzao mmoja ndani ya miezi 12. Maisha yake yote asizidishe uzao sita. Akishazaa mara mbili kwa kisu, basi. Mtoto asiuzwe kabla ya wiki nane, na mnunuzi aonyeshwe mtoto akiwa na mama yake. Yule wa Mbezi angekuwa ameshastaafu.

Nisikudanganye kwamba Uingereza wamemaliza. Sheria ilianza kazi wiki mbili baada ya nchi kufungwa kwa sababu ya korona, watu wote wako ndani, kila mtu anataka mbwa, na bei zikaruka. Ukimwambia mnunuzi asikilize macho yake mwenyewe halafu ukamfungia ndani asitoke kwenda kuona, madalali wanashangilia. Wakaibuka na nyumba za kukodi zenye sebule safi, ndani yake jike wa kuazima aliyelala pembeni ya watoto asiowazaa. Ukitazama chuchu utamjua: hazina maziwa, na watoto hawamkimbilii. Marekani nako wana leseni za serikali kuu tangu sheria ya mwaka 1966, na hiyo haikuzuia kituo kikubwa cha Virginia, kilichokuwa kinazalisha beagle wa kuuzwa kwenye maabara, kifikie hali ya kuondolewa mbwa karibu 4,000 mwaka 2022. Kampuni yake, Envigo, ilikiri makosa mwaka 2024 ikatakiwa kulipa zaidi ya dola milioni 35. Leseni ukutani haimlishi mbwa.

Lakini angalau huko swali limeandikwa kwenye sheria. Hapa kwetu tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama, namba 19 ya mwaka 2008, na si sheria mbaya. Kumtesa mnyama ni kosa, kumnyima chakula, maji na matibabu ni kosa. Banda la Mbezi lingeweza kufikishwa mahakamani kwa sheria hiyohiyo. Tatizo ni kwamba afisa mifugo wa kata anafikiria ng'ombe, kuku, machinjio na chanjo ya kichaa cha mbwa, na ana haki ya kufikiria hayo kwanza. Banda la mbwa nyuma ya geti jeusi si mfugo kwa macho ya ofisi, na si biashara kwa macho ya mtu wa kodi. Liko katikati, hakuna anayeliona.

Naandika haya nikiwa mtoto wa Tanga, na najua wengine mnaosoma mmeshakunja uso. Kwetu mbwa hakanyagi barazani. Bibi alikuwa akiniuliza kila nikienda likizo kama bado nashika mbwa, na akiniona nanawa mara saba, moja na udongo, anatulia. Ila bibi huyohuyo ndiye aliyenisimulia hadithi ya yule mwanamke kahaba wa Wana wa Israili, aliyemwona mbwa anazunguka kisima amekaribia kufa kwa kiu, akavua kiatu chake akamtekea maji, Mungu akamsamehe dhambi zake. Na kuna jambo ambalo wauza mbwa wa pwani hawapendi kulikumbushwa. Mafundisho ya Shafii, madhehebu ya Kiislamu ambayo ndiyo wengi wetu wa pwani tumekulia, hayatambui kuuza mbwa. Kufuga wa kulinda, wa kuwinda, wa kuchungia mifugo, ruhusa. Thamani ya mbwa, pesa ya kumuuza, imekatazwa kwenye hadithi za Mtume. Nimewahi kumtajia muuzaji mmoja, kanzu yake nyeupe imenyooshwa vizuri, Ijumaa hiyo. Akaniambia yeye hauzi mbwa, anauza gharama za malezi. Nilimvulia kofia kwa haraka ya akili.

Aina za mbwa ni mjadala mwingine ambao nitaupita kwa haraka, ingawa una vichekesho vyake. Nimeona Husky akiletwa kliniki mwezi Januari, mbwa aliyeumbwa kuvuta sleji kwenye theluji ya Siberia, amelala chali kwenye vigae vyetu huku ulimi umekuwa wa zambarau. Mwenyewe anauliza kwa nini halindi. Nimeona Rottweiler wa wiki mbili waliokatwa mikia nyumbani kwa wembe, vidonda vina funza, kwa sababu muuzaji anaamini mkia mfupi unaongeza laki. Na wale wenye pua iliyobonyea, bulldog na ndugu zake, wameanza kuwa fasheni hapa mjini. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 80 ya uzao wa bulldog ulipatikana kwa upasuaji, kichwa cha mtoto ni kikubwa kuliko njia ya mama. Fikiria basi jike wa aina hiyo akiwa mtaji wa mtu asiyempigia daktari simu. Norway walifika mahakamani kwa jambo hili, na Oktoba 2023 Mahakama ya Juu yao ikasema kuendelea kuzalisha Cavalier kwa namna inavyofanyika ni kinyume cha sheria ya wanyama, kwa magonjwa ya moyo na ya kichwa waliyorithishana. Cavalier, aina ileile ya Lucy. Kwa hiyo hata mfugaji mwenye upendo na banda la vigae anaweza kuwa anamzalisha mnyama wa kuumwa.

Gharama nyingine haiji kliniki, inakwenda hospitali ya watu. Kati ya wiki ya tatu na ya 14 hivi mtoto wa mbwa anajifunza dunia: sauti, watoto wa binadamu, pikipiki, na kwa ndugu zake anajifunza kwamba ukiuma sana mwenzako analia na mchezo unaisha. Muondoe kwa mama wiki ya nne, mfungie bandani mchana kutwa mpaka akue, kama wengi wanavyofanya kwa imani kwamba ndivyo anavyokuwa mkali, na kweli atakuwa mkali. Ila hatachagua. Atamuuma mwizi, atamuuma mtoto wa jirani aliyefuata mpira, atamuuma dada wa kazi anayemletea chakula. Na kama chanjo ya kichaa cha mbwa nayo ilikuwa mwandiko wa kalamu ya bluu, hapo hatuzungumzii tena ustawi wa mbwa peke yake. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa mtu, ni mazishi.

Kuna wateja wangu ambao ni watu wazuri kabisa na ndio wanaoniumiza kichwa zaidi: wanaonunua kwa huruma. Wameona vijibwa vinne vimefungwa kamba juani pale kwenye taa, wakasema sitaviacha, wakalipa vyote. Naielewa huruma hiyo, hata mimi kuna jioni napita nikitazama upande wa pili. Lakini yule kijana akirudi na hela ya vinne kwa siku moja, bosi wake atamwambia nini? Atamwambia kesho beba sita. Jike wa nyuma ya tanki hajui kwamba watoto wake walinunuliwa na mtu mwenye huruma. Yeye atapandishwa tena kwenye joto linalofuata. Kama umeona mbwa wanateswa, piga picha, andika mahali, nenda ofisi ya mifugo ya halmashauri na uitaje sheria kwa namba yake. Ukitaja namba wanakaa vizuri kwenye kiti. Kama unataka mbwa wa kulinda nyumba, mjini hapa hakukosekani jike wa mtaani mwenye watoto ambao mwenye uwanja anatafuta pa kuwapeleka. Hao mama yao utamwona. Atakubwekea kabla hujafika.

Na wafugaji wazuri wapo, nisiwafute. Nina mmoja kichwani sasa hivi, mzee mmoja mstaafu wa jeshi anayeishi Kigamboni. Anazalisha jike lake mara moja kwa mwaka, kuna miaka anaruka. Ukimpigia simu anakuhoji yeye: nyumbani kuna ukuta? Nani atakuwepo mchana? Una mpango wa kumfungia? Anakuita uje wakiwa na wiki sita uwaone, na hakupi mpaka wiki ya tisa. Mama yao analala mlangoni kwake, ukikaa anakuja kukunusa viatu. Bei yake ni mara mbili ya ile ya Instagram, na watu wananiambia ni ghali. Ghali kulinganisha na nini? Bili ya siku tano za dripu naiandika mimi.

Siku hizi namba yangu imesambaa, na jioni napokea matangazo yaliyosambazwa kutoka kwa watu nisiowajua, na swali moja: dada, nimchukue huyu? Sijibu kuhusu bei wala rangi. Nawaambia waombe video ya mama akiwa na watoto wananyonya, ya leo, iliyochukuliwa hapo walipo, na waseme wanakuja kesho asubuhi kuona. Wiki iliyopita kaka mmoja wa Kinyerezi alinirudishia majibu ya muuzaji. Kwanza alitumiwa picha. Akasema anataka video. Akaambiwa intaneti inasumbua. Akasema basi atakuja. Akaambiwa mama ana mafua. Akasema atavaa barakoa. Muuzaji akamblock.